Kifaransa au Kihispania baada ya digrii: maswali ninayoulizwa Mbeya na Iringa

Nafundisha Kifaransa jioni hapa Mbeya, kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye ubao, viti 14 na dirisha linaloingiza vumbi la barabarani. Kila mwaka vyuo vikishafunga, wahitimu huanza kubisha hodi: wa TEKU na MUST, wa Mkwawa na RUCU kule Iringa, wengine wamepanda basi kutoka Njombe. Wengi hawaji kujiandikisha, wanakuja kuuliza. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika kama wanavyoyauliza, na majibu kama ninavyoyatoa siku ambayo sina haraka.

Nina digrii ya ualimu (au sosholojia, au biashara). Naweza kusoma masta ya Kifaransa au Kihispania?

Mlango upo, ila ujue ni mlango wa kuingilia wapi. Masta ya lugha haimfundishi mtu kuongea, inamkuta anaongea. Wanachosoma humo ni fasihi, historia na ustaarabu wa nchi zinazotumia lugha hiyo, isimu, tafsiri, au namna ya kuwafundisha wageni. Mihadhara inaendeshwa kwa lugha hiyo hiyo, na tasnifu inaandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Ndiyo maana vyuo vya Ufaransa na Hispania kwa kawaida hudai kiwango cha B2 (ngazi hizi nazieleza kwenye swali linalofuata) kwa uchache, na kozi nyingi za fasihi au ualimu hutaka C1.

Mwenye digrii ya ualimu wa Kiswahili au Kiingereza ana nafasi nzuri kuliko anavyojidhania. Wafaransa wana fani wanaiita FLE, yaani Kifaransa kama lugha ya kigeni, na Wahispania wana ya kwao, ELE. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya kidato cha pili chenye wanafunzi 80 akawafundisha lugha isiyo ya mama zao ana jambo la kuandika kwenye barua ya maombi. Aliyesoma uhasibu naye aombe, lakini ataulizwa kwa nini amehama njia, na jibu la "napenda lugha" halitoshi.

Kama huna lugha kabisa, utaanza na mwaka mmoja au miwili ya lugha na utamaduni. Vyuo vikuu vya Ufaransa vina vituo vya kufundisha wageni, kama Besançon na Grenoble, na hutoa stashahada ziitwazo DUEF. Hispania kuna kozi za lugha na utamaduni kwa wageni Granada, na Salamanca, chuo kilichoanza mwaka 1218. Hizo si masta. Ni kozi za heshima, zina manufaa, lakini asije mtu akakuuzia kwa jina la masta.

A1, B2, C1 ni nini, na mtu anafika B2 baada ya muda gani?

Ni ngazi sita za Ulaya za kupimia lugha: A1, A2, B1, B2, C1, C2. A1 unajitambulisha na kununua nyanya. B1 unasimulia safari yako bila kutoa jasho sana. B2 unabishana. C1 unabishana na profesa.

Makadirio yanayotumika sana kwa Kifaransa ni saa 560 hadi 650 za masomo kufika B2 kutoka sifuri. Fanya hesabu yako. Darasa langu ni saa 6 kwa wiki. Ukitoa sikukuu, misiba na wiki za kupanda mahindi, mwaka unabaki na wiki 44, sawa na saa 264. Maana yake ni miaka miwili na miezi kadhaa, kama hukosi. Anayejisomea nyumbani saa moja kila asubuhi anaukata muda huo karibu nusu. Kuna waliokuja wakitaka B2 kwa miezi minne kwa sababu dirisha la maombi linafungwa. Niliwarudisha nyumbani na nauli yao.

Sasa nichague kipi?

Hapa huwa navuta kiti.

Simama Mafiati au Uyole dakika kumi uangalie barabara. Malori yale yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Iringa, Makambako, Mbeya, yanaingia Zambia kwa Tunduma, na mengi hayaishii Zambia. Yanapanda hadi Kasumbalesa, yanaingia Kongo, yanashusha Lubumbashi au Kolwezi na kurudi na shaba. Nenda sokoni Mwanjelwa uulize mchele wa Kyela na Usangu unanunuliwa na nani. Utawakuta Wakongomani wenyewe wamekaa kwenye magunia, wanaongea Kiswahili chao kilichojaa Kifaransa, na stakabadhi zao zimeandikwa Kifaransa kitupu. Kwa mtu wa nyanda za juu kusini, Kifaransa hakianzii Paris. Kinaanzia mpakani Tunduma, na mpaka huo uko zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka hapa nilipo.

Ongeza na hili: Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikaingia 2022, na mwaka mmoja kabla ya hapo wakuu wa nchi walikubali Kifaransa kiwe moja ya lugha rasmi za Jumuiya. Arusha kuna Jumuiya yenyewe na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako Kifaransa ni mkate wa kila siku.

Kihispania kina sababu zake, ila ziko mbali kidogo na lazima uzifuate. Ni lugha ya nchi zipatazo 20, nyingi zikiwa Amerika ya Kusini na ya Kati. Afrika, nchi huru inayokitumia kama lugha rasmi ni moja tu, Guinea ya Ikweta. Hata hivyo nawaambia vijana wa Njombe na Rungwe wasikidharau, kwa sababu ya parachichi. Parachichi aina ya Hass inayotoka Tukuyu na Njombe inakutana sokoni Ulaya na Hass ya Peru, na Hispania inalima parachichi zake pwani ya Málaga na pia inanunua za wengine. Mtu anayeweza kusoma bei, masharti na malalamiko ya wanunuzi kwa Kihispania hatakosa wa kumsikiliza. (Na ajue kwamba Mhispania na Mmeksiko wanaliita tunda hilo *aguacate*, lakini Mperu na Mchile wanaliita *palta*. Ukiingia kwenye mazungumzo ya biashara hujui hilo, utadhani wanazungumzia mazao mawili.) Kwa walio Iringa kuna watalii wa Ruaha pia. Waongozaji wanaojua Kiingereza wamejaa. Wanaojua Kihispania unaweza kuwahesabu kwa vidole.

Kama huna sababu ya Kihispania unayoweza kuitaja kwa sentensi moja, chukua Kifaransa. Huo ni msimamo wangu, na walimu wenzangu wa Kihispania wananinunia kwa ajili yake.

Vyote viwili kwa pamoja?

Hapana. Vinafanana mno, utaongea kimoja na nusu. Maliza B1 ya kwanza ndipo uguse cha pili.

Kipi ni rahisi kwa Mswahili?

Kihispania, mwanzoni. Irabu zake ni zile zile zetu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama tunavyotamka. Mkazo wa maneno yake mengi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili: *libro*, *camino*, *ventana*, kama unavyosema kitabu, barabara, dirisha. Kitenzi chake kinabeba mtenda ndani yake: *hablo* peke yake ni "ninaongea", huhitaji kuongeza "mimi". Na kwa sababu Wareno walikaa pwani yetu karne mbili, kuna maneno ambayo utakuwa unayajua kabla hujafungua daftari: *mesa* ni meza, *bandera* ni bendera, *vino* ni mvinyo, *padre* ni padri.

Kifaransa kinakutesa masikio. Kina irabu zinazopitia puani, kina herufi za mwisho zisizotamkwa, na kina ile *u* ya midomo iliyochongoka kama unapuliza chai. *Rue* ni mtaa na *roue* ni gurudumu. Nilikuwa na dereva wa semi darasani aliyekuwa anamwambia kila mtu kwamba mtaa wake umepata pancha.

Sisi wa huku tuna mzigo wetu wa ziada, l na r. Aliyekulia kwenye Kinyakyusa, Kihehe au Kibena anajua ninachosema, na anajua jinsi watu wa Dar walivyomcheka. Kwa Kiswahili ni utani tu, lakini huku kunabadilisha maana. *Riz* ni mchele, *lit* ni kitanda: ukimtangazia Mkongomani *lit* ya Kyela atakuuliza ni ya mbao gani. Kwa Kihispania *pelo* ni nywele, *pero* ni lakini, na *perro* yenye r ya kukung'uta ni mbwa. Nawapa wanafunzi wangu mazoezi ya hayo maneno matatu mbele ya kioo kwa wiki nzima, ingawa wanasoma Kifaransa, maana ulimi ukishafunguka umefunguka.

Lakini tuna faida moja ambayo wanafunzi wa Kiingereza wanaililia, nayo ni upatanisho. Tunasema "vitabu vyangu vipya vimepotea", kila neno limevaa sare. Mfaransa na Mhispania nao wanavisha sare: *mis libros nuevos*, *mes petites filles*. Wao wana jinsi mbili tu, ya kiume na ya kike. Aliyezaliwa na ngeli zote zile hawezi kuogopeshwa na mbili.

Mwalimu, nimekaa miaka mitatu chuo, sasa nianze tena na bonjour? Nyumbani wananiona nimerudi chekechea.

Swali hili huja mwishoni, mtu akiwa ameshasimama mlangoni. Mwambie mama ukweli kwa lugha ya fedha: itachukua miaka miwili, nitakuwa nafanya kazi mchana, ada ni kiasi hiki, na mwisho wake ni cheti fulani. Wazazi wetu walilima mazao ya miaka mingi, wanajua mti wa chai hauvunwi msimu wa kwanza. Wanachokiogopa ni kijana anayesema "naangalia angalia tu fursa". Na usiache kazi ya kujitolea shuleni kwa ajili ya darasa la jioni. Wanafunzi wangu bora wote walikuwa wanachoka.

Huku kwetu kuna mahali pa kusomea?

Madarasa madogo kama langu yapo, mengine mazuri, mengine ya mtu aliyesoma kitabu kimoja. Kabla ya kulipa, mwombe mwalimu aongee dakika tano na Mkongomani yeyote mbele yako. Alliance Française zipo Dar es Salaam na Arusha. Zinafundisha na ndiko watu wengi hufanyia mitihani. Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, kutoka Iringa karibu 500, kwa hiyo wengi huandaliwa huku na kwenda kule kwa mtihani tu.

Kusikiliza ni bure. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana matangazo ya Kiswahili na ya Kifaransa. Sikiliza habari za Kiswahili kwanza ujue kilichotokea duniani, halafu sikiliza habari hizo hizo kwenye kipindi chao cha *Journal en français facile*, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ukishajua habari inahusu nini, masikio yanapata pa kushika. Kwa Kihispania, taasisi ya Cervantes ina kozi yake ya mtandaoni, na redio ya taifa ya Hispania inasikika kwenye simu. Pakua usiku bando likiwa rahisi.

Halafu nenda sokoni. Sikutanii.

Mitihani ipi inatambuliwa?

Kifaransa ni DELF kwa A1 hadi B2, na DALF kwa C1 na C2. Vyeti vyake havina mwisho wa matumizi. Kuna pia TCF, wa haraka, lakini matokeo yake yanaisha nguvu baada ya miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema ukiwa bado hujui utaomba lini. Kihispania kuna DELE ya taasisi ya Cervantes, nayo ni ya kudumu, na SIELE inayofanyika kwenye kompyuta na kudumu miaka mitano. Kabla ya kulipia safari, fungua orodha ya vituo vya Cervantes uone kilicho karibu na tarehe zake.

Soma masharti ya kufaulu kama unavyosoma mkataba. Mimi sikusoma. DELF ina sehemu nne za alama 25 kila moja, na kufaulu ni 50 kati ya 100. Mara ya kwanza nilipofanya B2 nilipata 58. Nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani nikijisifu, ndipo nikaona neno la kushindwa. Kusoma nilipata 20, kuandika 17, kuongea 17, na kusikiliza 4. Ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata jumla iwe kubwa kiasi gani. Nilikuwa nimejifunza Kifaransa chote kwa vitabu, kimya kimya, kama mtu anayejifunza kuogelea kitandani. Niliporudi Mbeya nilianza kushinda Mwanjelwa Jumamosi nikiwasaidia wafanyabiashara wa Kongo kuhesabu magunia, bila malipo, ili waongee nami tu. Mwaka uliofuata kusikiliza nilipata 16.

DELE nayo ina mtego wake. Sehemu zinafungwa makundi mawili, kusoma na kuandika kundi moja, kusikiliza na kuongea kundi jingine, na lazima upate 30 kati ya 50 katika kila kundi. Kundi moja haliwezi kulibeba lenzake.

Kwenye fomu naandikaje digrii yangu?

Tafadhali usiandike *baccalauréat*. Neno linafanana na "bachelor", lakini Ufaransa ni cheti cha kumaliza sekondari, kama kidato cha sita chetu. Digrii ya kwanza ya Ufaransa ni *licence*, na haihusiani na leseni ya udereva. Nimeona maombi ya binti mwenye GPA ya 4.2 yakirudishwa na ushauri kwamba aanze mwaka wa kwanza, kwa sababu tu alijitangaza kuwa mhitimu wa kidato cha sita. Hispania mtego ni ule ule: *bachillerato* ni sekondari, digrii ni *grado*. Na *colegio* si chuo, ni shule ya watoto.

Njia salama ni kuandika jina la digrii kama lilivyo kwenye cheti chako, halafu uongeze kwamba ni miaka mitatu au minne ya chuo kikuu.

Inagharimu kiasi gani?

Ufaransa, chuo cha umma kwa mtu asiyetoka Umoja wa Ulaya, ada ya masta ni karibu euro 3,900 kwa mwaka. Baadhi ya vyuo humsamehe mgeni tofauti hiyo na kumtoza kama Mfaransa, karibu euro 250. Kwa hiyo swali la kwanza la kuandikia chuo si "mna nafasi?" bali "mnasamehe ada ya wageni?" Kuna pia mchango wa huduma za wanafunzi, kama euro 100 hivi. Kinachovunja watu mgongo ni fedha ya kujikimu: ubalozi unataka kuona euro 615 kwa mwezi, sawa na 7,380 kwa mwaka.

Hispania ada huhesabiwa kwa krediti, masta ya kawaida ni krediti 60 kwa mwaka mmoja, na bei inatofautiana jimbo kwa jimbo. Uthibitisho wa kujikimu ni euro 600 kwa mwezi. Mwaka mmoja badala ya miwili unapunguza nusu ya tatizo, na hiyo ndiyo hoja bora ya kwenda Hispania niliyowahi kuisikia.

Kazi inaruhusiwa: Ufaransa saa 964 kwa mwaka, Hispania hadi saa 30 kwa wiki. Usiiweke kwenye bajeti ya miezi sita ya mwanzo.

Ufadhili upo?

Upo, na kila mmoja una kizingiti chake.

Eiffel ya serikali ya Ufaransa inagusa pia historia, lugha na ustaarabu wa Kifaransa. Huombi wewe, chuo kilichokukubali ndicho kinachokupendekeza, na mapendekezo hufungwa mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo mazungumzo na chuo yaanze mwaka uliotangulia. Kwa masta, umri usizidi miaka 25. Hapo ndipo ndugu zetu wengi waliochelewa kuanza shule wanapodondokea, na sina dawa yake.

Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa masta zinazosomwa kwenye vyuo vya nchi zaidi ya moja, hulipa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, na haina kikomo cha umri. Chagua programu ambayo angalau chuo kimoja kiko Ufaransa au Hispania. Kwa wanawake, shirika la Hispania la Mujeres por África lina mpango uitwao Learn Africa, unaowapeleka Waafrika kwenye vyuo vya Hispania. Nawasukuma mabinti wangu wote huko. Fundación Carolina, ambayo kila mtu ananitumia kiungo chake, ni kwa ajili ya Amerika ya Kilatini. Ifute kwenye orodha.

Bodi ya Mikopo msiitegemee. Mliozoea bumu mnadhani litawafuata hadi masta, lakini fedha yake nyingi ni ya shahada ya kwanza.

Lazima Ulaya?

Nashangaa swali hili linaulizwa na wachache. Lubumbashi ina chuo kikuu kikubwa kinachofundisha kila kitu kwa Kifaransa, na vita vya Kivu viko mbali nako. Bujumbura nako Kifaransa ndicho cha darasani. Mtu anaishi humo kwa Kiswahili sokoni na Kifaransa chuoni, na chakula anakijua. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masta ya Kifaransa, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina masta ya ukalimani na tafsiri. Hapa nchini, UDSM wana idara ya lugha za kigeni. Ulizeni huko kabla ya kuuliza kwa Macron.

Kuna pia masomo ya masafa. Grenoble Alpes imekuwa ikitoa masta ya FLE kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Kwa mwalimu mwenye ajira Mafinga au Vwawa, anayelea, hiyo ndiyo njia ya kwanza kuifikiria.

Popote utakapoenda, hakikisha kwanza kwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwamba chuo kinatambuliwa. Foleni ya kutambuliwa cheti ukiwa umeshamaliza ni ndefu kuliko swali la kabla ya kuanza.

Kuna wakala ananiomba milioni mbili anipatie nafasi.

Usimpe. Mwanafunzi wangu mmoja alitoa. Barua aliyoletewa ilikuwa halali kabisa, ila ni ya shule ya lugha, kozi ya wiki 12. Maombi ya vyuo vya umma unajaza mwenyewe, na Campus France, shirika la serikali ya Ufaransa linalohudumia wanafunzi wa kigeni, wanatoa maelekezo bure.

Karatasi za viza ni zipi?

Kwa ufupi: pasi, barua ya chuo, vyeti na transkripti, cheti cha kuzaliwa cha RITA, uthibitisho wa fedha, mahali pa kulala, bima. Hispania, kwa kukaa zaidi ya miezi sita, huongeza cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai na cheti cha daktari, na nyaraka zitafsiriwe Kihispania na mfasiri anayekubaliwa nao. Balozi zote mbili ziko Dar es Salaam. Panga safari mbili, si moja. Ukifika Ufaransa, viza yako unaithibitisha mtandaoni ndani ya miezi mitatu. Hispania unaomba kadi ya ukaazi ndani ya mwezi mmoja. Wapo waliosahau.

Nikirudi nitapata kazi?

Ajira ya serikali ya kufundisha Kifaransa ipo lakini nafasi ni chache. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umekiweka Kifaransa kati ya lugha za hiari, pamoja na Kiarabu na Kichina, na shule binafsi zimeanza kuulizia walimu. Sitakuahidi zaidi ya hapo.

Ninachokiona kwa macho yangu ni hiki. Waliosoma kwangu wakapata kazi haraka hawakuwa na lugha tupu. Walikuwa na lugha juu ya kitu kingine. Mhasibu mwenye B2 yuko kwenye kampuni ya malori, anashughulika na madai ya Kolwezi. Mwanasheria yuko Tunduma kwa wakala wa forodha, kazi yake ni kusoma nyaraka za upande wa pili kabla bosi hajasaini. Msichana wa utalii anaongoza wageni Ruaha. Masta wanayo wawili tu kati ya wote. Mmoja anafundisha chuo, mwingine ni mfasiri Arusha, na hao wawili ndio waliokuwa wakilipenda somo lenyewe, fasihi na sarufi, hata siku ambazo hakuna aliyewalipa. Kama wewe si wa namna hiyo, B2 nzuri na digrii uliyonayo vinaweza kukutosha, na utakuwa umeokoa euro elfu kumi.

Darasa lako linaanza saa ngapi?

Saa kumi na moja jioni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Njoo na daftari la mistari na kioo kidogo. Kitabu usinunue kwanza, hasa vile vilivyopigwa kopi stendi. Vina kurasa zinazokosekana kuanzia somo la saba.